Kwenda na Kurudi kwa Pumzi Moja

Mwezi wa kwanza katika shule mpya, Njiti alikula chakula cha mchana peke yake. Jina lenyewe alilipata siku ya pili. Alikuwa mrefu na mwembamba, kichwa kidogo kimenyolewa, na alipoinuka kujibu swali msichana mmoja nyuma yake akasema, "Njiti ya kiberiti hii, imepoteza kasha lake." Darasa likacheka, na kufikia Ijumaa hata mwalimu wa kemia alikuwa akimwita hivyo bila kujisikia vibaya.

Walihamia mjini kwa sababu ya kazi ya mama yake. Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na barua ya uhamisho ilipokuja hakuna aliyemwuliza kama anautaka. Baba alibaki kule walikotoka, kwenye mashamba ya miwa, akiangalia pampu za kumwagilia. Nyumba yao mpya ilikuwa vyumba viwili na jiko, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na ndani yake walikaa watatu: mama, Njiti, na bibi mzaa mama, ambaye alikuja kuwasaidia kupanga vyombo kwa wiki mbili na mpaka sasa alikuwa hajaonyesha dalili ya kuondoka.

Mtu wa kwanza kumwita Njiti kwa nia njema alikuwa mwalimu wa michezo. Shule nzima ilimwita Kocha. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, mwendo wa taratibu, na vikombe vilivyopangwa kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa shule karibu vyote vilikuwa jasho lake. Alimkuta Njiti ameegemea ukuta wa bwawa la kuogelea, akiwatazama wasichana wanne wakijifunza kugeuka.

"Wewe unajua kuogelea, au unajua kutazama?"

"Shikamoo, Mwalimu. Najua kidogo."

"Marahaba. Ulijifunzia wapi?"

"Bwawa la shamba. La maji ya kumwagilia miwa."

"Lilikuwa na kina?"

"Sijui. Sikuwahi kufika chini."

Kocha alicheka kicheko kifupi. "Kesho baada ya vipindi. Njoo."

Alipokwenda na bukta na fulana ya kaka wa jirani, Kocha alimpa vazi la kuogelea la bluu, limeshonwa begani kwa uzi mweusi. Nyumbani bibi alilinyoosha juu mbele ya dirisha, akaligeuza mbele nyuma, akatafuta sehemu iliyobaki.

"Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga," alisema. "Lakini wewe, mke mwenzangu, nguo zenyewe umezivua mpaka ya mwisho."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu wahamie.

Timu ilikuwa ya wasichana watano, akihesabiwa Njiti. Wa kwanza alikuwa Nahodha, wa kidato cha nne, ambaye jina lake halisi lilikuwa limesahaulika chini ya cheo. Aliogelea kama vile maji yalimwahidi kitu. Chuo kimoja kilikuwa kimesikia habari zake, na mtu wao angekuja kumwangalia kwenye mashindano ya mkoa. Akimpenda, angesoma bure. Wa pili na wa tatu walikuwa mapacha waliogombana kutwa kwa mambo ya kofia na miwani, lakini wakiingia majini mikono yao ilipanda na kushuka pamoja kama imefungwa kamba moja. Wa mwisho alikuwa Punje, wa kidato cha kwanza, aliyelala bweni, mdogo wa mwili mpaka filimbi ya Kocha ilipomning'inia shingoni ilimfika kitovuni. Punje alicheka ovyo na kuuliza maswali yasiyoulizwa. Kabla wiki haijaisha, yeye na Njiti walikuwa ulimi na mate.

"Kule kwenu kulikuwa na mamba?" aliuliza.

"Hapana. Kulikuwa na vyura."

"Chura mkubwa anaweza kumuuma mtu?"

"Mtu wa saizi yako, labda."

Punje alicheka mpaka akanywa maji ya bwawa.

Bwawa lilikuwa la zamani, limejengwa wakati majengo yale yakiwa bado chuo cha ualimu. Vigae vya ukingoni vilikuwa vimepasuka, na pampu ilichoka, kwa hiyo upande wa kina kirefu maji yalikuwa ya kijani, sakafu haionekani sawasawa. Lakini Njiti alilipenda. Akiwa ndani ya maji hakuwa mrefu kupita kiasi, wala hakuwa mgeni. Kocha alimrekebisha kiwiko, akamfundisha kugeuza uso kuvuta hewa badala ya kuinua kichwa kama kuku anayekunywa, na siku ambazo mama alikuwa kazini Kocha alimpa nusu ya mkate wake bila kusema neno. Ukimuuliza Njiti wakati ule ni nani aliyemfanya aipende shule, angekutajia Kocha kabla ya mtu mwingine.

Kulikuwa na jambo moja tu, nalo lilikuwa la Alhamisi. Waliliita pumzi moja.

Mtu alivuta hewa, akazama, akaogelea chini ya maji mpaka ukuta wa pili, akageuka, akarudi alikoanzia, bila kuinua kichwa. Asiyemaliza alirudia. Kocha alisimama ukingoni na kusema maneno yale yale kila wiki: "Mwili ni mwongo. Unakuambia umekufa wakati bado una nusu ya nguvu zako. Usiusikilize."

Nahodha alimaliza kila mara na kutoka akiwa kimya, midomo imepauka. Mapacha walimaliza kwa sababu kila mmoja alikataa kushindwa na mwenzake. Njiti ilimchukua wiki nyingi. Kifua kiliwaka, koo likaruka lenyewe kama la mtu mwenye kwikwi, na alipokuwa karibu kukata tamaa, siku moja maumivu yale yaliisha ghafla. Ikaja raha tamu, ya usingizi, mwanga wa mchana ukawa mbali, na mkono wake ukagusa ukuta. Alipoinua kichwa wenzake na Kocha walikuwa wakipiga makofi. Alishangilia nao. Lakini usiku ule kitandani, raha ile ilimtisha kuliko maumivu, na hakujua kwa nini. Mama alipomwuliza macho mekundu ni ya nini, alisema ni dawa ya maji.

Punje hakuwahi kumaliza. Aligeuka vizuri, kisha katikati ya kurudi akaibuka akikohoa na kucheka. Mapacha walimwambia siri yao: ukitaka kudumu, vuta pumzi haraka haraka nyingi kwanza, ndipo uzame. Punje alilishika neno hilo.

"Leo nitafika ukutani," alimwambia Njiti wakivaa kofia, Alhamisi moja iliyokuwa na jua kali. "Utaona."

Siku hiyo karani alikuja kumwita Kocha. Mkuu wa shule alimtaka kwa ajili ya basi la kwenda mashindanoni. Kocha alivua filimbi, akamvisha Nahodha.

"Endeleeni. Nikirudi nataka kila mtu awe amemaliza."

Punje alijaribu mara moja akashindwa, kama kawaida. Akaomba kurudia upesi kabla Kocha hajarudi. Alisimama kwenye ngazi akivuta hewa haraka haraka, mabega yanapanda na kushuka, kisha akazama. Njiti alikuwa ameshika ukingo, bado anatweta kwa zamu yake. Mapacha walikuwa wakigombania miwani yenye mkanda mzima. Nahodha aliwageukia awaamue.

Njiti alimwona Punje akigeuka kwenye ukuta wa mbali, kivuli kidogo chini ya maji ya kijani. Akakiona kivuli kikija, kikipunguza mwendo. Kisha hakukiona. Akatabasamu, maana alidhani Punje amezama zaidi ili aibukie miguuni pake na kumshtua.

"Nahodha," alisema baadaye, "Punje yuko wapi?"

"Anakuja."

Wote wakatazama. Maji yalikuwa yametulia. Kisha mapovu madogo yakapanda, machache, yakapasuka.

Njiti hakukumbuka kuzama. Alichokumbuka ni kupapasa sakafu gizani, mkono ukigusa vigae, vigae, halafu mguu. Mguu ule ulikuwa laini, hauvuti wala haupingi. Aliushika, akatafuta kiuno, akaisukuma sakafu kwa nyayo zake. Juu kulikuwa na mikono ya Nahodha. Walimlaza Punje kwenye vigae. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo Njiti hakuwa amewahi kuiona kwa mtu. Pacha mmoja alikimbia kuita watu huku analia. Nahodha alikumbuka walichofundishwa, akambana pua, akampulizia hewa, akabonyeza kifua, akapuliza tena. Akaendelea mpaka Njiti akaanza kusali kimoyomoyo. Ndipo Punje akakohoa, akatapika maji, na kulia kilio chembamba kama cha mtoto mchanga.

Kocha alifika akikimbia, kiatu kimoja hakipo. Alimkumbatia Punje, akamfunika kwa taulo zote, akatuma mtu akalete gari la shule. Walipokuwa wakilisubiri, aliwatazama wasichana wanne mmoja mmoja.

"Aliteleza," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Alikuwa anatembea ukingoni akateleza, akaanguka majini, mkamtoa. Mmenielewa, wanangu? Mengine nitayasema mimi mwenyewe, kwa wakati wake. Kwa sasa aliteleza."

Nahodha aliitikia kwa kichwa kwanza. Mapacha wakafuata. Njiti alikuwa akitetemeka, na kutetemeka kule Kocha alikuona kama kuitikia.

Jioni alirudi nyumbani. Mama alikuwa ameingia zamu ya usiku. Bibi alimwekea chakula, akaona hakiliwi, akakifunika.

Asubuhi mama alirudi akiwa ameshika viatu mkononi, kama afanyavyo miguu ikimvimba. Akakaa mezani, akajimiminia chai.

"Kuna mtoto wa shule yenu wodini," alisema. "Kadogo hivi. Aliteleza bwawani. Unamjua?"

"Namjua. Anaendeleaje?"

"Ana bahati. Ameongea, amekunywa uji. Daktari anasema akipita kumwona asubuhi hii atamruhusu, baba yake ameshafika kumchukua. Walikuwa wanaangalia kichwa, isije ikawa aligonga. Lakini nimempapasa kichwa kizima, sijakuta hata nundu. Watoto wa siku hizi wanaanguka kama pamba."

Bibi alicheka. Njiti alikuwa amesimama karibu na mlango, begi begani. Aliona sura ya Kocha akiomba. Akaona mkate uliokatwa nusu. Alijua kwamba akitoka sasa mlangoni, mambo yote yatabaki kama yalivyo, na kila mtu atamshukuru.

"Mama, mtu akizimia chini ya maji, halafu akaamka, ndio amepona?"

Mama aliweka kikombe polepole. "Nani alizimia chini ya maji?"

Njiti alitazama mkanda wa begi.

"Mwanangu, nitazame. Huyu mtoto aliteleza, au alizimia chini ya maji?"

"Alizimia. Hakuteleza. Tulikuwa tunaogelea kwa pumzi moja, kwenda na kurudi. Hakupanda."

"Alikaa chini muda gani?"

"Sijui. Tulidhani anakuja."

Mama hakuuliza tena. Alikuwa tayari anaingiza miguu yake iliyovimba ndani ya viatu, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akimwambia mtu wa wodini asimwache yule mtoto atoke, amrudishe kitandani, amwite daktari sasa hivi, mapafu, ndiyo, mapafu, siyo kichwa. Akatoka bila kufunga mlango. Bibi aliondoa kikombe cha mama, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Keti," alimwambia. "Leo huendi shule."

Mama alimkuta Punje kwenye korido, amevaa sare yake ya shule, baba yake amembebea mfuko. Alikuwa akikohoa, lakini watoto wangapi hukohoa. Mama alisimulia jioni kwamba alipomrudisha kitandani na kumpima, hewa katika damu ilikuwa imeshuka, na kufikia saa sita mchana midomo yake ilibadilika rangi. Walimwekea oksijeni, wakamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi. Nyumbani kwa kina Punje kulikuwa mbali, safari ya asubuhi nzima kwa basi. Mama alivua viatu, akalala na sare ya kazi.

Jumatatu lango la bwawa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kocha hakuwepo. Kwenye mkutano wa asubuhi mkuu wa shule alisema bodi itakaa, na kwamba mwenye lolote alisemalo aende ofisini kwake badala ya kulisema vichochoroni. Bila shaka lilisemwa vichochoroni. Muuguzi gani, mtoto wa nani. Haikuchukua hata siku. Kufikia Jumanne hakuitwa Njiti tena. Walimwita Redio. Akipita, mmoja anasema, "Zima, zima, kuna habari inakuja," na wenzake wanaziba midomo. Mapacha hawakucheka, lakini walihamisha vitabu vyao kwenye meza nyingine.

Nahodha alimngoja nje ya maktaba.

"Ulimtoa majini," alisema. "Kila mtu aliona. Lile tu lingetosha."

"Walikuwa wanamrudisha nyumbani, Nahodha. Angefia njiani."

"Hukulijua hilo."

"Mama alilijua."

"Mama yako alilijua kwa sababu ulimwambia. Wewe ulipofungua mdomo hukujua lolote. Ulitaka tu kutua mzigo." Aliongea bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu wa chuo anakuja mwezi ujao kunitazama nikiogelea. Labda atanitazama nikitembea."

Njiti alipoinua uso, Nahodha alikuwa ameshaondoka. Na kilichomkera mpaka jioni ni kwamba katika maneno yale mlikuwa na ukweli. Alikuwa ametaka kutua mzigo.

Siku Punje alipohamishwa kurudi wodi ya kawaida, mama alimpeleka Njiti kumwona. Punje alikuwa amepungua zaidi, kama hilo liliwezekana. Alimtazama Njiti kwa muda kabla ya kutabasamu, kama mtu anayetafuta jina.

"Nilifika ukutani?" aliuliza.

"Karibu."

"Karibu kiasi gani?"

"Ulibakiza kidogo tu."

Punje alifikiri. "Sikumbuki kitu. Nakumbuka kofia tu." Halafu akauliza tena, "Nilifika ukutani?"

Mama yake Punje alimshika Njiti mkono na hakuuachia. Baba yake ndiye aliyesema. Alikuwa fundi seremala, na kidole chake kimoja kilikuwa kifupi.

"Nakushukuru, binti yangu. Mungu akulipe. Lakini nieleze kitu kimoja. Mchezo huo mlianza kuucheza lini?"

"Tangu zamani. Kila Alhamisi."

"Kila Alhamisi," alirudia. "Na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kwao akasema?"

Njiti alitazama sakafu. Mama alimwekea mkono mgongoni, lakini hakujibu kwa niaba yake.

Jumamosi alasiri, watu wa duka la chini wakijaribu pikipiki na kutoa kelele, mtu alibisha mlango. Bibi alifungua. Kocha alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa gauni. Njiti hakuwa amewahi kumwona na gauni.

"Karibu, mwanangu," bibi alisema, kana kwamba alikuwa akimtarajia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ukae. Kiti hicho kina mguu mbovu, chukua kile."

Njiti alitoka jikoni, akamwamkia, akabaki amesimama. Kocha alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini.

"Nimekuja na hasira," alisema. "Nimetembea nazo kutoka nyumbani. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Nilipofika ngazi ya juu nikayasahau yote." Akavuta upindo wa gauni. "Nilikuwa nitasema mwenyewe. Ningesema Jumatatu."

"Jumatatu angekuwa amezikwa," bibi alisema.

Alilisema bila ukali, kama mtu anayekujulisha kuwa mvua inanyesha. Kocha aliinamisha kichwa, na mabega yake yale mapana yakaanza kutikisika. Bibi alikwenda jikoni akachukua muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo," Kocha alisema alipoweza. "Nilizimia mara mbili nikiwa na umri wako. Wakanitoa, wakanipigia makofi. Nilidhani ndio kuogelea. Nilidhani nawapa nguvu."

"Mimi niliposikia ile raha niliogopa," Njiti alisema. "Nilitaka kukuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ulikuwa unapiga makofi."

Kocha alitazama viganja vyake. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa napiga makofi."

"Nilidhani umenichukia, Mwalimu."

"Sijui bado," Kocha alijibu. "Sitaki nikudanganye. Usiku nakuchukia, asubuhi nakushukuru. Mtoto yule yuko hai. Nikimfikiria yeye, nakushukuru."

Alikunywa chai yote, akamshukuru bibi, akashuka ngazi. Bibi alisimama dirishani mpaka akapotelea kwenye kona.

"Si mtu mbaya," Njiti alisema.

"Nani amesema ni mbaya? Nyumba nyingi zimechomwa na watu waliokuwa wanapika."

Bodi ilimwondoa Kocha kwenye michezo na kumhamishia shule nyingine, darasani tu. Punje hakurudi. Wazazi wake walimpeleka kwa shangazi yake, kwenye shule isiyo na bwawa, na habari zilizofika ni kwamba alikuwa mzima wa mwili lakini husoma ukurasa akausahau, akausoma tena, na kwamba daktari alisema huenda itarudi taratibu, huenda isirudi yote. Njiti aliposikia hayo alikwenda bafuni akafungulia bomba ili bibi asimsikie.

Bwawa lilifunguliwa wiki chache kabla ya mashindano. Sasa ukingoni walisimama watu wazima wawili: mwalimu wa hesabu, aliyekuwa na filimbi na hakuwa na lolote la kufundisha, na mlinzi mwenye fimbo ndefu ya kuokolea. Ndipo pacha mmoja alipomfuata Njiti darasani.

"Nahodha anasema mbio za kupokezana ni watu wanne," alisema, akitazama ubao. "Tuko watatu."

"Amesema nije?"

"Amesema ni watu wanne."

Njiti alikwenda. Hakuna aliyemwamkia. Alivaa kofia, akashuka ngazi, akaweka uso majini, na mkono wake ukaukumbuka ule mguu. Aliinua kichwa haraka. Akajaribu tena. Ilikuwa hivyo siku zote zilizofuata: kila alipopiga mkono aligeuza uso kuvuta hewa, kila mkono, asiweze kuvumilia hata mikono miwili, na mwendo wake ukapungua. Mwalimu wa hesabu alimsifu kwa kuwa hakujua tofauti.

Nahodha aliijua. Siku moja, mapacha wameshaondoka, alibaki kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo akikamua nywele.

"Unapumua kupita kiasi," alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu yale ya maktaba.

"Najua."

"Tutashindwa."

"Najua. Nikiweka uso chini naona..."

Nahodha aliendelea kukamua nywele ambazo zilikuwa zimeshakauka. "Mimi ndiye niliyeachiwa filimbi," alisema mwishowe. "Wewe uliuliza yuko wapi. Mimi nikasema anakuja. Hata sikugeuka." Alivuta pumzi. "Kila mtu anasema wewe ndiye uliyesema. Hakuna anayesema mimi ndiye niliyetakiwa kutazama. Nilikuwa nasubiri wamalize na wewe, waje kwangu."

"Sikuwaambia hilo."

"Najua hukuwaambia. Ndiyo maana nilizidi kukukasirikia."

Hawakukumbatiana. Nahodha alifunga begi, akasimama mlangoni akamngoja Njiti avae viatu, wakatoka pamoja mpaka lango kuu, kila mmoja akashika njia yake.

Kwenye mashindano mama alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akakaa jukwaani na mkoba mapajani, kichwa kikidondoka mara kwa mara. Bibi alibaki nyumbani, akisema hawezi kwenda kutazama watoto wa watu wakiwa nusu uchi. Nahodha aliogelea mbio zake za peke yake akawa wa pili. Katika kupokezana, pacha wa kwanza alitangulia, wa pili akashikilia nafasi, Njiti akaipoteza. Alipumua kila mkono. Alisikia kelele zikipanda kila uso ulipogeuka, akawaona wasichana wa njia za jirani wakimpita, na bado hakuweza kukaa chini. Alipogusa ukuta Nahodha aliruka juu yake, akampita msichana mmoja, basi.

Alijifunga taulo akapanda jukwaani kwa mama.

"Mmekuwa wa ngapi?" mama aliuliza, akifikicha macho.

"Wa tano."

"Kati ya wangapi?"

"Sita."

"Basi kuna watu wanalia kuliko sisi." Alimvuta akamkalisha karibu, akamfuta maji shingoni kwa upindo wa khanga. "Nilikuwa nakuhesabu unapumua," alisema polepole. "Kila ulipopumua, na mimi nilipumua."

Chini, karibu na ngazi za bwawa, mtu wa chuo alikuwa amesimama na Nahodha. Alikuwa mzee kidogo, amevaa kofia, anaongea huku akionyesha maji kwa kidole. Nahodha alisikiliza, mikono nyuma, maji yakimchirizika miguuni. Hakutabasamu wala hakuinamisha uso. Mapacha waliacha kugombana ili watazame. Mazungumzo yakaisha, yule mtu akampa mkono, akaenda zake.

Wasichana wakashuka kumpokea Nahodha. Dereva wa basi alikuwa ameshaanza kupiga honi. Nahodha alichukua begi lake, akampa Njiti kofia zote azibebe, na wakatoka nje kwenye jua. Hakuna aliyemwuliza yule mtu amesema nini, naye hakusema.